Simu Isiyopindisha

Katika daftari lake la vipimo, kwenye ukurasa ambao siku nyingine ungejaa urefu na upana wa milango, Yosamu aliandika mambo matano aliyoyataka katika simu yake mpya. Aliandika polepole kwa penseli ya useremala, ameketi kwenye gogo nje ya karakana yake mjini Kasese, na kila alipomaliza jambo moja aliinua kichwa akalifikiria kabla ya kuendelea na jingine.

Moja, isipindishe picha. Mbili, betri ikae siku mbili, maana umeme wa hapo ulikuwa na tabia ya kuaga bila taarifa. Tatu, laini mbili, ya Uganda na ya Kongo, kwa sababu nusu ya wateja wake walikuwa ng'ambo ya mpaka. Nne, tochi. Tano, maandishi makubwa.

"Andika na sita," alisema mkewe, Alisi, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Isiwe nyeusi. Hiyo uliyonayo uliifagia pamoja na maranda ya mbao ikaenda kwa jirani, nusura apikie chai."

"Rangi si kipimo, mama."

"Kwako. Mimi ndiye niliyeichakura majivuni."

Yosamu akaandika: sita, isiwe nyeusi. Pembeni akaongeza jina la Alisi, ili siku za mbele ajue rai ile ilikuwa ya nani. Ndivyo alivyokuwa. Hakupenda jambo likae kwenye daftari bila mwenyewe.

Lakini lililomsumbua lilikuwa lile la kwanza. Kanisa moja la Kyarumba lilikuwa limemwagiza milango minne. Kyarumba gari halifiki kila mahali, kwa hiyo waumini waliibeba milango ile vichwani, wakapanda nayo vijia vya mlimani, watu wawili wawili, wakiimba. Baada ya siku mbili waliishusha tena, vichwani vilevile. Safari hii hawakuimba. Mzee wa kanisa alimtumia Yosamu picha: mlango umesimama kwenye fremu yake, na upande wa juu mwanga unapita katika pengo la vidole viwili.

Yosamu aliitazama picha ile kama alivyozoea kutazama kila kitu cha kazi. Alifumba jicho la kushoto, akaisogeza simu mbele ya jicho la kulia. Akaona si mlango peke yake uliopinda. Fremu ilikuwa imepinda, ukuta umepinda, hata msalaba uliokuwa juu ya ukuta umepinda.

"Simu hii inapindisha," alimwambia Alisi. "Tazama mwenyewe. Kuna ukuta gani unaofanya tumbo namna hii?"

Alisi alitazama, akarudisha simu, akaendelea na kazi yake. Simu yenyewe ilikuwa imewahi kuanguka kutoka mezani, na kioo chake kilikuwa na ufa. Haikuwa vigumu kuishuku.

Mzee wa kanisa alikuwa muungwana. Alisema Yosamu aitengeneze upya milango yote minne, lakini kabla mtu hajaitia kichwani, atume picha zake, wazione zimenyooka. Zikipinda, kazi watampa mtu mwingine. Yosamu alielewa maana yake. Jina lililomlisha miaka thelathini lilikuwa linateremka mlimani pamoja na ile milango.

Na jina lenyewe lilikuwa Jicho. Wajenzi wa Kasese na Bugoye walimwita hivyo tangu ujana wake. Hakusomea useremala popote. Alijifunza kwa kuchungulia ua wa mafundi wa misheni, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, wala pimamaji, alijizoesha kupima kwa jicho. Alishika ubao kama mtu anayelenga bunduki, akafumba jicho la kushoto, akasema, "Hapa, toa kidogo." Watu waliweka timazi baada yake kwa kumjaribu tu, wakatikisa vichwa. Mlango wa Yosamu ulifunga bila kulia.

Alikuwa na mwenzake, Nobert, mdogo wake Alisi, aliyefanya naye kazi miaka kumi. Nobert yeye alipima kila kitu kwa timazi, hata kigoda cha jikoni, na kwa hilo walitaniana mpaka wateja wakawa wanakuja mapema ili wawasikilize. Halafu utani ukaisha. Yosamu alianza kuona fremu za Nobert zimepinda. Alimwambia kwa upole mara ya kwanza, na ya pili. Baadaye akawa anazichukua mwenyewe na kuzipiga randa hadi zinyooke. Kisha siku moja ya mwezi wa pili, mwaka huo wa 2017, alirudi mapema kutoka kula mchana, akamkuta Nobert ameinamia fremu ambayo yeye alikuwa amekwisha kuinyoosha, anaipiga randa tena.

"Unaharibu kazi yangu?"

"Shemeji, weka timazi uone."

Mbele ya wateja! Yosamu hakuweka timazi. Alimwambia akusanye vyombo vyake, na kabla hasira haijapoa akaandika kwenye kundi la simu la mafundi wa mbao kwamba Nobert hafai kwa kipimo. Nobert akahamia Bwera, mpakani. Alisi hakulitaja tena jina la ndugu yake ndani ya nyumba, na Yosamu alidhani kunyamaza kule ni kukubali.

Mwezi wa nne mlango wa kwanza ulirudi, kutoka Bugoye. Yosamu alisema mbao zilikuwa mbichi. Ulipofuata wa pili, alisema ni mbao alizoziacha Nobert. Sasa hii ya Kyarumba ikawa ni simu.

"Nenda Bwera kwa Sosthène," alisema Alisi, akipepeta ungo wake. "Yule anaacha watu wajaribu simu zote. Kesho Ijumaa, siku ya soko."

*

Sosthène alikuwa mtu wa Butembo, Kongo, mnene, mwenye kicheko kilichomtangulia hadi barabarani. Duka lake lilikuwa karibu na soko, na dada yake, Wivine, alikaa mlangoni kwenye meza ndogo akitengeneza simu zilizovunjika.

"Karibu, papa! Leo unabeba gani? Iko ya betri munene, iko ya kamera mbili, iko ya muziki mupaka jirani anahama."

"Nataka isiyopindisha."

"Isiyopindisha nini?"

Yosamu akafungua daftari, akaliweka juu ya kioo cha kaunta. Sosthène alisoma kwa kidole, akaanza kutikisika.

"Wivine, kuya uone! Mutu amepima simu kama mulango ya kanisa."

"Muache," alijibu Wivine bila kuinua macho. "Afazali yeye anajua anataka nini. Wengine wanakuya hapa wanasema, nipe kama ya jirani."

Simu ya kwanza ilikuwa nyekundu, yenye betri kubwa, laini mbili, tochi, na maandishi unayoweza kuyakuza hadi neno moja likajaa kioo. Mambo matano ya daftari yalitimia palepale, na Yosamu akayatia alama moja moja. Likabaki lile la kwanza. Alisimama ndani ya duka, akaelekeza simu kwenye mwimo wa mlango, ile nguzo ya upande wa fremu, akapiga picha. Kisha akafumba jicho la kushoto, akaitazama.

Katikati ya picha mwimo ulikuwa umefanya tumbo.

"Inapindisha," alisema, akairudisha.

Sosthène alimpa ya pili. Ilipindisha. Ya tatu ilikuwa nyembamba kama kipande cha sabuni iliyokwisha, nayo ikapindisha. Ya nne, ya tano. Kicheko cha Sosthène kikawa kinapungua kila simu iliporudi kwenye kasha lake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni la samaki wa chumvi alisimama kutazama.

"Mzee anachagua simu ama mke?" aliuliza.

"Mke alishapata," alisema Wivine. "Hakumupima."

"Papa," alisema Sosthène, "hii ya sita ndiyo wapiga picha ya ndoa wanatumikisha. Hii ikipindisha, basi hata bibi harusi wote ya Bwera beko wamepinda."

Yosamu alicheka kidogo kwa adabu, akapiga picha, akafumba jicho. Tumbo lilikuwa palepale.

Ndipo likamjia wazo ambalo mtu wa utaratibu kama yeye alipaswa kuanza nalo. Alishusha simu, akautazama mwimo wenyewe, kwa jicho lilelile. Nao ulikuwa umepinda!

Moyo wake ulipaa kwa furaha. "Kumbe! Simu hazina kosa. Ni fremu yako. Nani alikutengenezea hii?"

"Fundi Nobert," alisema Sosthène. "Anatumikia kule nyuma ya soko, penye wanauzisha mbao."

Yosamu akacheka kwa sauti, mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Niliwaambia watu! Nilisema yule hafai kwa kipimo, wakaniona mbaya. Njooni mtazame tumbo hili!"

Mwanamke wa samaki alitazama mwimo, akamtazama Yosamu, akatazama tena mwimo. Sosthène hakucheka. Mlango ulikuwa wake. Aliusukuma kwa kidole kimoja, nao ukaenda polepole ukafunga, na duka likawa giza bila uzi wa mwanga kupita popote.

"Mulango yenye kupinda inafunga hivi?"

"Inaweza kufunga kwa bahati."

"Basi tupime." Sosthène alifungua mlango, akamwomba Wivine uzi wa kushonea, akafunga kufuli la duka kwenye ncha moja, na ncha nyingine akaining'iniza kwenye msumari uliokuwa juu ya mwimo. Kufuli likayumba, likayumba kidogo, likatulia. "Angalia, papa. Bila hasira."

Yosamu alisogea kwa kujiamini. Alifumba jicho la kushoto.

Uzi ulikuwa umepinda.

Alidhani hakutazama vizuri. Akatazama juu, karibu na msumari. Hapo alipotazama uzi ukafanya tumbo. Akatazama chini, karibu na kufuli. Tumbo likashuka naye. Alipopeleka jicho katikati, likapanda tena.

"Kuna upepo," alisema.

"Hakuna upepo, papa."

"Uzi unacheza."

Wivine aliinuka, akalishika kufuli kwa mkono wake akalivuta chini mpaka uzi ukakaza. "Nimeikamata. Angalia sasa."

Tumbo lilikuwa palepale.

Hakuna aliyewahi kumfundisha Yosamu kwamba uzi uliovutwa na uzito hauwezi kupinda. Alilijua tu, kama alivyojua kwamba maji hayapandi mlima.  Taratibu, kama mtu anayefunua shuka la mgonjwa, alifumba jicho la kulia akafumbua la kushoto.

Uzi ulinyooka. Mwimo nyuma yake ulinyooka pia, na vyote viwili vilikwenda sambamba toka juu hadi chini bila kupishana hata unywele. Ilikuwa fremu nzuri. Ilikuwa fremu ambayo yeye mwenyewe angeionea fahari.

Akafumbua la kulia peke yake. Tumbo. Na sasa kwa kuwa alikuwa anatafuta, aliona na mengine: katikati palikuwa na kivuli cha kijivu kama moshi wa kibatari, na uso wa Wivine ulikuwa umevutika upande mmoja, kama sura ndani ya kijiko.

Alishika kaunta. Sosthène akamsogezea kiti, akamfungulia soda, na Yosamu akaishika chupa bila kuinywa. Mwanamke wa samaki alijitwika beseni lake akaondoka.

"Jicho inakuuma, papa?" aliuliza Wivine.

"Haliumi."

"Ilianza lini?"

"Sijui." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Mimi hutembea na yote mawili, naona vizuri. Silifumbi moja ila nikiwa kazini."

Ni pale alipolisema ndipo lilipomwingia. Ila nikiwa kazini. Fremu ngapi zilikuwa zimenyooka kabla hajazigusa? Aliziona mbele yake, moja baada ya nyingine, akizishika kama bunduki, akisema, "Hapa, toa kidogo," na randa ikipita juu ya mbao isiyo na kosa, ikila pale palipokuwa sawa mpaka pakapinda, mpaka kwake pakaonekana pamenyooka. Na milango ile watu wa Kyarumba waliibeba vichwani.

"Mama yetu ilianza vile vile kwa jicho moja," alisema Sosthène, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Usikawiye. Ona munganga ya macho."

Yosamu alisimama. "Hii nyekundu niwekee," alisema. "Narudi."

*

Nobert alimwona akiwa bado mbali, akaweka randa chini. Walikuwa hawajaonana tangu mwezi wa pili.

"Shemeji," alisema Nobert. "Dada mzima?"

"Mzima."

Njiani Yosamu alikuwa amepanga maneno, la kwanza, la pili, la tatu, kama kwenye daftari. Yote yalimkimbia. Alitazama fremu iliyosimama katikati ya banda, akasema, "Niazime timazi."

Katika miaka kumi hakuwahi kuliomba. Nobert alilitoa mfukoni, akampa. Yosamu alilitundika mwenyewe, akangoja litulie, akafumba jicho la kushoto. 

"Naona limepinda," alisema.

"Najua," alisema Nobert.

Yosamu aligeuka. "Unajua nini?"

"Kwamba unaona hivyo. Tangu mwaka jana. Nilidhani unahitaji miwani tu. Na nani angemwambia Jicho anahitaji miwani?" Nobert alikung'uta maranda kwenye mkono wake. "Nilikwambia weka timazi. Ukaniambia mbele ya watu kwamba ni wewe uliyenifundisha kushika randa."

"Ile siku niliyokukuta na fremu..."

"Nilikuwa nairudisha. Zote nilikuwa nazirudisha, shemeji. Ukienda kula mchana, nanyoosha ulizonyoosha. Nyingine nilibandika ubao mwembamba, nikapaka rangi juu, usione."

Yosamu alikaa chini, juu ya rundo la mbao, bila kuangalia anakalia nini. Miaka yote alijiona mtu anayefikiri kabla ya kusema, na hakuwahi kujiuliza swali dogo kama hili: kwa nini milango haikurudi hata mmoja mpaka Nobert alipoondoka? Nobert alikuwa kama mtu aliyeshikilia kwa mgongo wake ukuta unaotaka kuanguka, na yeye akamfukuza kwa sababu amemkuta ameuegemea.

"Alisi anajua?"

Nobert alisita. "Nilimwambia mwezi wa tatu. Alisema hata yeye hutamsikia. Alisema siku utakayoona kwa macho yako, utakuja mwenyewe."

Nenda Bwera kwa Sosthène, alikuwa amesema Alisi, na hakumtuma huko kwa ajili ya simu tu. Yosamu aliuona ungo ukipepetwa, na uso wa mkewe ulioinama. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na hakuweza kufanya hata moja. Alikaa tu, akilifumba jicho moja na kulifumbua, akimtazama shemeji yake akipinda na kunyooka, akipinda na kunyooka.

"Acha hivyo," alisema Nobert. "Unanitisha."

*

Walirudi dukani pamoja. Daftari lilikuwa bado juu ya kaunta. Yosamu alichukua penseli, akalikata lile jambo la kwanza kwa mstari mmoja.

"Hii inarekodi sauti vizuri?" alimwuliza Sosthène.

"Vizuri sana, papa. Hata ukikohoa wanajua umekula nini."

Wivine alihamisha laini zake, akamwonyesha pa kubonyeza. Yosamu alifungua lile kundi la mafundi wa mbao, akaiweka simu karibu na mdomo, akashikilia kidole.

"Mimi ni Yosamu wa Kasese," alisema. "Mwezi wa pili niliandika hapa kwamba Nobert hafai kwa kipimo. Nilikosea. Jicho langu la kulia ni bovu, na sikujua. Milango iliyorudi niliipinda mimi. Iliyonyooka mwaka jana aliinyoosha yeye, nami nikasifiwa." Kidole bado kilikuwa kimeshikilia. "Aliye na mlango wangu usiofunga, anitafute."

Akainua kidole. Ujumbe ukaenda. Nobert alikuwa ameangalia barabarani.

"Milango ya Kyarumba," alisema Yosamu. "Utanipimia?"

"Jumatatu tunaenda kwanza kwa daktari, Kasese," alijibu Nobert, bado ameangalia nje. "Pengine wanaweza kulitengeneza, pengine hapana. Tukitoka huko utaniuliza tena."

Hakusema ndiyo. Yosamu alilielewa jibu lile, akaona ni la haki.

Simu nyekundu ilianza kulia mkononi mwake. Mafundi walikuwa wanajibu, mmoja, watatu, watano. Hakuitazama. Alikuwa ameusogelea tena uzi uliokuwa bado unaning'inia mlangoni, akafumba jicho la kushoto kwa mara nyingine, kama mtu aliyesahau funguo na kurudi kutafuta palepale alipokwisha kutafuta.

"Bado?" aliuliza Nobert nyuma yake.

"Bado."

Sosthène alikohoa. "Papa, unisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Nataka kwenda kula, na ile kufuli ni ya duka."

Yosamu akafumbua macho yote mawili, akaanza kulifungua fundo.